Tiyo Tuliyoichimbua Wenyewe

Mwaka wa 1976, nikiwa na miaka ishirini na nne, robine, mfereji wa maji wa avenue yetu, ilikohoa, ikatapika maji mekundu kama vumbi la matofali, ikanyamaza. Taabu yangu naanza kuihesabu hapo. Mume wangu alikuwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia, lakini mume akifa watu wanakuja, wanaleta unga na kuni, wanalala kwako mpaka kilio kiishe. Robine ikifa hakuna anayekuja kukupa pole.

Mimi sikusoma. Kule Walungu nilifika darasa la pili, baba akasema msichana akishajua kuandika jina lake inatosha, nikarudi kwenye jembe. Herufi zangu ni kubwa na zinalala, lakini hakuna aliyenishikia kalamu. Na mali yangu yote niliipata hivyohivyo, bila mtu kunishika mkono.

Kazi yangu ilikuwa kasiksi, pombe ya ndizi. Mtu wa mbali anafikiri kasiksi ni ndizi tu. Ndizi unaziivisha ndani ya shimo, unazikamua kwa majani mpaka mikono iwake, unapata mutobe, ile juisi tamu. Lakini mutobe peke yake ni kinywaji cha watoto. Ni lazima uichanganye na maji, uweke unga wa mtama uliokaangwa, uiache ndani ya mtumbwi wa mti ichemke yenyewe. Maji yakiwa mabaya, kasiksi inaharibika, na mlevi anaweza kukusamehe mambo yote isipokuwa hilo. Kasiksi yangu watu walipanda mlima kuifuata. Walitoka Nyawera na mizigo ya soko bado kichwani. Kwa ile kasiksi nililisha watoto watatu, na nilikuwa nataka kitu kimoja: lile lupango, kipande cha ardhi alichoniachia mume wangu, libaki langu. Shemeji zangu walikuwa wananiangalia tu. Siku ambayo ningeshindwa kujilisha, wangekuja kunirudisha kijijini na kuuza kila kitu. Kwa hiyo nikisema maji, sisemi ya kuoga. Nasema yale yaliyonishikia nyumba.

Avenue yetu iko juu Kadutu, mjini Bukavu, ubavuni mwa mlima. Mabomba, sisi tunayaita tiyo, yaliwekwa na Wabelgiji kwa ajili ya mji mdogo wa wakati wao. Kisha sisi tukaja kutoka Walungu, Kabare, Kalehe, tukajenga juu ya tiyo, pembeni ya tiyo, wengine wakaweka mafiga juu yake kabisa. Na mlima wenyewe hautulii. Kila mvua kubwa udongo unatambaa kidogo, na chuma hakijui kutambaa, kinavunjika. Ndani kutu ilikuwa imejaa mpaka ngumi ya mtoto isingepita. Tuliwaita watu wa maji, wakaja mara moja, wakatingisha kichwa, wakaenda.

Lakini juu kidogo ya nyumba yangu, pale mvua ilipokuwa imekula udongo, tiyo ilibaki wazi kama mfupa, na kwenye kiungo kimoja ilikuwa na ufa. Maji yaliyokosa nguvu ya kufika kwenye robine yalikuwa bado yanafika pale. Tulipaita ku kidonda. Wanawake wa avenue tulikata mpira wa ndani wa tairi ya gari, tukaufunga juu ya ufa. Unafika asubuhi, unafungua mpira, unakinga bidoni yako, lile dumu la maji, unafunga tena, unakaza kwa meno. Usipokaza vizuri, maji yanalowesha mlima, na mlima ukilowa, nyumba za chini zinaondoka na watu ndani. Kila mwanamke aliyehamia kwetu, kwanza tulimfundisha kufunga. Aliyeacha wazi alitukanwa yeye na mama yake.

“Weye,” jirani yangu mmoja alimwambia bibi-arusi mpya aliyekuwa anahangaika, “bwana yako ulimufunga muzuri asikimbie, sasa haka kampira kanakushinda?”

“Bwana hatelezake, maman,” yule akajibu. “Haka kanateleza!”

Tulicheka mpaka bidoni zikatuanguka. Msifikiri tulikuwa tunalia pale kila siku.

Siwadanganyi, maji yale hayakuwa safi. Tiyo ikiwa tupu ilikuwa inavuta ndani tope, na kila kilicho kwenye tope, halafu maji yakirudi yanakuletea wewe. Watoto waliharisha. Tulijifunza kumwaga yale ya kwanza na kuchemsha yanayofuata. Maji mabaya unaweza kuyachemsha. Yasiyokuwapo utayachemsha nini?

Sasa nimlete chef, mkuu wa avenue yetu. Huyu hakuwa jirani tu, alikuwa mtu wangu. Mume wangu alimchagua kuwa parrain wa mtoto wetu wa mwisho, ndiye aliyemshika kanisani siku ya ubatizo. Mume alipokufa, ndiye aliyesimama mbele ya shemeji zangu akasema, “Huyu maman atabakia mu lupango yake.” Kila jioni alikuja na abakosti yake, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi, akaketi kwenye benchi langu, nikampa kasiksi ya kwanza kabla ya wote. Watoto wangu walimwita Parrain, nami nikamwita vilevile.

Jumamosi asubuhi ilikuwa salongo. Aliyekulia Zaïre hahitaji kuelezwa. Kwa wengine niseme: ni kazi ya lazima ya watu wote, kufagia, kulima kando ya njia, kuzibua mitaro, na asiyeonekana ana la kujibu. Chef ndiye aliyeamua salongo itafanya nini.

Siku moja alikuja kwangu mapema, wateja hawajafika.

“Maman, Mungu ametukumbuka. Tiyo mupya imefika pa depot. Nimeziona na macho yangu, zinangaa.”

“Banaleta lini?”

“Banaleta tukisha kutosha ile ya zamani. Leta haina batu ya kuchimba. Tutachimba siye, mu salongo.”

Leta, ndiyo serikali, na kutosha kwetu ni kutoa. Nikamuuliza neno ambalo mpaka leo najisifu kwamba niliuliza: “Parrain, juu ya nini tusiachake kwanza ya zamani, mupya ifike, njo tuitoshe?”

Akacheka. “Mutaro ni ule ule mumoja, maman. Utalalisha bwana wawili mu kitanda moja?”

Nilicheka pia, lakini sikutosheka, na aliona. Akamwita mtoto wangu wa mwisho, akampakata.

“Huyu nilishika ku ubatizo,” akasema. “Huyu, miye nitamunyima mayi?”

Nawauliza ninyi mnaosoma: mngemjibu nini?

Alikuja kwangu kwanza kwa sababu alijua wanawake wa ku kidonda wananisikiliza. Nikawaambia, wakakubali. Jumamosi ile avenue nzima ilitoka. Mpira niliufungua mwenyewe, nikaufunga kwenye pindo la kikwembe changu, sijui kwa nini. Wanaume walichimba na kuvunja viungo kwa nyundo, wanawake tulibeba udongo kwenye mabeseni. Vipande vya tiyo vilipandishwa mabegani, watu wakiimba nyimbo za salongo kwa Kilingala ambacho nusu yetu hatukukielewa, na sisi tukapiga vigelegele kama tunapeleka bibi-arusi. Lori lilikuwa linangoja barabarani. Wale wapakizi hawakutupa tiyo ndani. Walizilaza, wakaweka majani kati ya moja na nyingine zisigongane.

“Banazibeba kama mayai,” jirani yangu alisema. “Si ni chuma ya kuoza?”

Jicho langu liliona yale majani. Kichwa changu kilikataa. Parrain alisimama ndani ya lori, juu ya tiyo zetu, akatushukuru, citoyens na citoyennes, yaani wananchi, akasema juma lijalo mpya zitakuwa ndani ya mtaro.

Juma lilipofika alisema bado karatasi. Kisha bado gari. Kisha neno lilikuwa bado linangojewa kutoka Kinshasa, na mtu wa Bukavu akisikia Kinshasa anajua ameambiwa hapana.

Mvua ikafika, mtaro uko wazi. Tulikuwa tumeichongea mvua njia kutoka juu ya mlima mpaka milangoni mwetu. Mara ya kwanza ilipeleka udongo tu. Mara ya pili mtaro ukawa korongo, na ule mlima tuliokuwa tunauogopea matone ya kidonda ukaanza kubomoka vipande vizima. Upande wa jiko langu ukuta ulikwenda, halafu mtumbwi wa kasiksi, umejaa. Avenue nzima ilinuka pombe siku ile. Walevi walikuja kusimama ukingoni mwa shimo, na mmoja akavua kofia.

“Alikuwa mutu muzuri,” akasema, anaangalia mahali mtumbwi ulipokuwa.

Hata mimi nilicheka. Kisha niliingia ndani, nikakaa chini.

Nilikopa mtumbwi mwingine wa kasiksi kwa mjomba wangu, nikaanza kuteka maji ziwani. Kushuka si kitu. Kupanda na bidoni mgongoni, kamba imekaza paji la uso, ndiko kunakokufanya uzeeke. Na maji ya ziwa letu yana chumvi kidogo. Kwenye chakula huwezi kuijua, kwenye kasiksi inapiga kelele.

“Maman, leo ulipika na sabuni?” wateja waliniuliza.

“Kunywa, itakuosha roho.”

Walicheka, wakalipa, kesho yake hawakurudi. Shemeji yangu mkubwa akaja kunitembelea, jambo ambalo hakuwa analifanya. Alizunguka tu lupango, akapima korongo kwa macho, akapima na nyumba.

Mwisho wa mvua nilikwenda upande wa Walungu kutafuta ndizi. Njia ya mkato inapita kwenye shamba kubwa, lililokuwa la mzungu, wakati wa zairianisation, leta ilipowanyang'anya wageni mali zao, likapewa mtu mkubwa mmoja. Pale bondeni kulikuwa na birika la simenti la ng'ombe, jipya, na tiyo inaleta maji kutoka chemchemi ya juu. Ilivuka kijito ikiwa wazi, nami nikavuka chini yake. Nikainua macho.

Kiungo kimoja kilikuwa kimefungwa kwa mkanda wa chuma. Pembeni ya mkanda kulikuwa na pete nyeusi, rangi ya mpira iliyoshika chuma kwa muda mrefu mpaka ikawa ngozi yake. Nilipanda ukingo, nikaigusa. Mama haulizi kama kovu hili ni la mtoto wake.

Mchungaji mzee alikuwa anaangalia ng'ombe wanakunywa. Nikamsalimia, nikamuuliza, “Tonton, hii tiyo ilitoka wapi?”

“Ku Bukavu. Kuko chef moja ya kule alimuletea patron.”

“Patron alimulipa?”

“Mutu mukubwa hamulipake mutu, maman. Anamupa ngombe.” Akanyoosha fimbo. “Ile ya mabaka, iko na mimba. Njo yake. Inakula huku tu, juu mu mji atailalisha wapi? Mu salon?”

Akacheka peke yake. Kwetu sisi Bashi ng'ombe si nyama. Mtu akikupa ng'ombe, amekushika, mmekuwa watu wa nyumba moja, na watoto wako wataambiwa. Basi Parrain alikuwa ameingia nyumba nyingine. Nilisimama nikamwangalia yule wa mabaka akinywa, bila haraka, maji yanamtoka puani, hakuna anayemwambia afunge mpira akimaliza.

Jioni ya siku niliyorudi, Parrain aliketi kwenye benchi. Nikamwekea kikombe. Alionja, akakunja uso.

“Maman, leo tena iko na chumvi.”

“Ni mayi ya ziwa. Ile ingine, ngombe yako iliimaliza.”

Alitua kikombe polepole. Nilikuwa nangoja akatae, na nafikiri angekataa kwa nguvu ningemwamini. Hakukataa.

“Ile tiyo ilikuwa imeoza,” akasema. “Ungeifanya nini?”

“Imeoza, lakini ngombe inashiba.”

“Unajua yule patron ni nani? Ningesema hapana, leo ungenikuta wapi?”

Labda ni kweli, sijui. Lakini mtu aliyelazimishwa hapewi ng'ombe. Nikamwambia hivyo. Akaangalia mlangoni kama kuna mtu anasikia, kisha sauti yake ikawa laini, ile ile ya siku alipompakata mtoto.

“Maman, usikasirike bure. Ikizala ndama muke, ni ya mutoto wako. Miye njo parrain wake, ao hapana? Atakunywa maziwa.”

“Mutoto wangu hakukuomba maziwa. Simama ku benchi yangu.”

Alisimama, akanyoosha abakosti yake, akaenda. Nilijisikia mrefu jioni ile. Nilifikiri nimemshinda.

Asubuhi niliwakuta wanawake kwenye njia ya ziwa, nikawaambia yote: shamba, birika, pete nyeusi, ng'ombe. Niliongea tukishuka, niliongea mpaka tukafika majini. Hawakupiga kelele nilivyotegemea. Walikuwa wanaangaliana. Mwishowe yule bibi-arusi, yule wa mpira kuteleza, akaniuliza:

“Na ndama?”

“Ndama gani?”

“Ya mutoto wako. Parrain alitupitia jana. Anasema muligawana weye na yeye, na sasa unamutukana juu ndama bado kuzaliwa.”

Alikuwa amenitangulia, nyumba kwa nyumba, wakati mimi najisikia mrefu ndani ya nyumba yangu. Na uongo wake alikuwa ameushona kwa vitambaa vya kweli. Si mimi niliyewaambia tuchimbe? Si mimi niliyefungua mpira? Mtoto si wake wa ubatizo? Hata ndama alikuwapo, tumboni mwa ng'ombe. Niliwaambia nimemkataa, na nikasikia mwenyewe jinsi neno lile linavyolia. Nani Bukavu amekwisha kukataa ng'ombe?

Jirani yangu, ambaye tulifungua naye kidonda kwa miaka, alipandisha bidoni yake mgongoni. “Ungetuambia tu, maman,” akasema. “Tungekuelewa.” Hilo lilinichoma kuliko kama angenitemea mate. Walipanda mlima pamoja, wakaniacha pale majini na kamba mkononi.

Sikuapa. Sikuomba msamaha, maana sikukosa, na mpaka leo sikukosa. Ng'ombe wake naweza kumwelewa, mtu ana njaa ya ukubwa, anakula. Lakini kuchukua kitu nilichokikataa, akanivika nacho kama nguo mbele ya watu wangu, na kulitumia jina la mtoto aliyemshika mikononi, hilo sijalielewa, na sijaacha kujaribu.

Kasiksi ilikufa kwa miezi. Shemeji yangu alikuja mara ya pili, safari hii na mdogo wake. Walinikuta ndani ya korongo, natoa mawe.

“Unafanya nini mule?” wakaniuliza.

“Najenga.”

Nilikuwa nimeona kwa mapadri kule kijijini sitèrne, tangi la mawe na simenti linalokinga mvua ya paa. Mvua ilikuwa imeninyang'anya jiko, basi ilipe. Mawe ilikuwa imeyafukua yenyewe, mimi na watoto tuliyapandisha. Fundi nilimlipa kwa mutobe na kwa kumlimia mke wake shamba. Bati nilizipata moja moja, zingine zimetoboka, nikaziba matundu kwa lami. Mvua ya kwanza ililowesha sakafu tu. Mvua kubwa ya pili ililia ndani ya lile tangi, na watoto walisimama masikio kwenye ukuta, wanasikiliza. Maji ya mvua hayana chumvi. Kasiksi ilirudi, walevi wakarudi nayo. Shemeji zangu walikuja, wakanywa, wakaniita maman kwa heshima, wakarudi Walungu na mimi nikabaki.

Kiangazi kilichofuata wanawake wa avenue walianza kuja na ndoo. Niliwapa. Msiseme ni wema. Nilitaka waje, nilitaka kila mmoja apite mbele yangu nimekaa, ateke mwenyewe, na ajue ni kwa nani. Hakuna aliyenitajia ndama tena, na hakuna aliyesema samahani. Jirani yangu alisema asante akiangalia ndoo. Tiyo mpya hazikufika. Bado.

Parrain alizeeka palepale kwetu, nyumba nne kutoka kwangu. Tulisalimiana. Ng'ombe alizaa, nasikia ndama alikuwa dume. Mwishoni mwa Zaïre, mji mzima umekauka, Parrain alikufa, na nyumba yake ilijaa watu wa kilio, na hawakuwa na maji hata ya kupikia ugali. Binti yake alikuja akasimama mlangoni.

“Maman, banakuomba mayi. Ya kilio.”

Nilikuwa nachambua mtama. Niliendelea kuchambua. Mtoto wangu wa mwisho, mtu mzima sasa, mwenye ndevu, alikuwa ameketi ndani. Alitoka bila kuniangalia, akachukua bidoni mbili, akazijaza kwenye sitèrne, akamfuata yule binti. Akarudi, akajaza tena. Sikumkataza. Sikumwambia umefanya vizuri. Mimi kwenye kilio kile sikukanyaga.

Leo niko na nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati nzima zote. Sitèrne mbili, ya kwanza ina ufa upande wa chini na naiangalia kila mvua. Robine moja ya watu wa maji, inatoa upepo. Lupango, na karatasi yake iko kwa jina langu. Shamba la migomba Walungu. Mitumbwi mitatu ya kasiksi. Mbuzi kadhaa, ng'ombe hapana. Watoto watatu, wazima. Miguu miwili inayouma nikishuka. Viti vya plastiki vya kukodisha kwa harusi, vya rangi ya buluu.